Mlango Unafunguka Kushoto

Chaki haifiki wiki.
Kijiti kimoja nakivunja mara nne,
kila kipande kama jino la maziwa,
nakigawa kwenye viganja vinavyonukia mabuyu,
hapa Chaani, penye uga wa saruji
na chumba kimoja cha chekechea
ambamo ubao mweusi umeota mvi.

Basi tumeshuka chini.
Sakafu haina fremu, haina msumari.
Mtoto hulala kwa tumbo akachora
kwa mkono mzima, toka bega hadi ukucha,
maana herufi, kabla haijawa sauti,
ni safari ya mkono.
Nyevu alishindwa na m daftarini miezi miwili.
Huku chini aliitembea kwa miguu,
panda, shuka, panda, shuka,
kisha akanigeukia: "Mwalimu, kumbe ni vilima!"
Shee naye aliitazama saba yake iliyoinama.
"Imepoteza shilingi," akasema, "yaitafuta."
Sikumsahihisha.

Tsuma hakuwa akisema.
Tangu Januari neno lake lilikuwa moja tu,
la kuomba kwenda chooni,
na hilo pia alilisema kwa macho.

Jumanne alitwaa kipande chake kwa mkono wa kushoto,
akaanzia langoni,
mstari mmoja, bila kuinua mkono,
ukapita mferejini, ukazunguka viatu vya wenzake.
Nikamfuata nimechutama
kama mtu aliyeangusha pete.
Mstari ukawa njia.
Njia ikaota dimbwi, ikaota mbwa wa fundi magurudumu,
ikaota reli,
na hapo relini akasimama kweli,
akatazama kulia, akatazama kushoto,
akavuka.
Kisha trela, kontena mgongoni, refu kumshinda mwenyewe,
na chini yake duara, duara, duara,
midomo ikaanza kutikisika:
"...kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane."
Sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyeamshwa.
"Kumbe yuna sauti!" Nyevu akapiga ukelele.
Nami nikainama kufunga kamba za viatu,
na siku hiyo nilivaa ndara.

Mamake alikuja saa sita, moshi wa karai ungali nguoni.
"Mwalimu, mimi nauza viazi toka alfajiri
nilipe hela mwanangu aje kupaka sakafu?
Na kwa mkono huo! Daftari li wapi?
Wa jirani yangu yuaandika hadi mia."
Sikuwa na jibu la kumtosha.
Nilikuwa na sakafu.

Akanijia kwa hatua za kudai deni
hadi kwenye nyumba, pale mstari ulipokoma,
akasita, mguu mmoja hewani.
Akauzungusha pembeni. Hakukanyaga.
Akatazama bati. Akatazama karai na moshi wake,
pazia la maua, watu watatu mlangoni,
na wa nne, mdogo kama punje,
aliyechorwa mbali kule, ubavuni mwa trela.
Huyo wa nne alimtazama muda mrefu.
Nyevu alitaka kuuliza, nikamshika bega.

Mama akakaza leso, akachutama.
"Hebu nipe hicho," akamwambia mwanawe.
Akapewa.
"Mlango wetu hauko hivi. Unafunguka kushoto."
Akafuta kwa kidole gumba, akachora upya,
ulimi nje kidogo, kama wanavyofanya wote.
"Kushoto," akasema Tsuma.
Mama hakuinua uso.
Aliichora bawaba ya juu, akaichora ya chini,
na kitasa, ambacho nadhani hawana.

Usiku mvua ikanyesha.
Asubuhi uga ulikuwa kijivu kitupu,
na mimi, mtu mzima, nikasimama pale nimenuna.
Kasha lilibaki na vijiti vitatu. Nikavivunja.
Tsuma akaanzia langoni tena,
dimbwi, mbwa, reli, kulia, kushoto,
akafika kwenye trela, akahesabu hadi kumi na nane,
akafikiri,
akaongeza duara moja juu, peke yake.
"Na hili?" nikauliza.
"La akiba," akasema.